Nilifuata wateja wangu Dodoma

Mwaka 2016 nilikuwa na kantini Posta, Dar es Salaam, kwenye uchochoro wa nyuma ya jengo la wizara. Kantini ni jina la heshima tu. Ilikuwa meza nne, mabenchi na turubai. Lakini nilikuwa nauza sahani sabini kwa siku, na hamsini kati ya hizo zilikuwa za watu ninaowajua: nani hali pilipili, nani ana sukari, nani hulipa mshahara ukitoka.

Julai mwaka ule Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kabla ya 2020 kwisha. Mchana wa siku iliyofuata wateja wangu walicheka mpaka wali ukawapalia. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na wengi wao walikuwa wameusikia tangu wakiwa wanafunzi. Mzee mmoja wa masijala, ambaye sahani yake ilikuwa ugali na mchicha siku zote, aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeanza kuhamia Dodoma kabla hujazaliwa."

Septemba Waziri Mkuu akahama kweli. Mwaka uliofuata yakaanza kuondoka makundi ya watumishi. Sahani sabini zikawa hamsini na tano, zikawa arobaini. Mzee wa masijala naye akaitwa. Aliondoka na deni langu la shilingi elfu kumi na nane, na ile aibu ya kuondoka bila kuaga ndiyo iliyoniuma kuliko hela. Nikakaa jioni moja na daftari langu nikaona jambo jepesi: sikuwa na biashara ya chakula, nilikuwa na biashara ya wale watu. Wakihama, nami nihame.

Wazo hilo halikuwa baya. Nilivyolitekeleza ndiko kulikonigharimu karibu miaka mitatu na hela ambayo hadi leo nikiijumlisha nakunywa maji kwanza.

Safari ya kwanza nilikwenda Agosti 2017. Basi kutoka Ubungo, kilomita kama 450, nikashuka nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilifikia Chang'ombe (ya Dodoma, si ya Temeke) kwa mtoto wa shangazi yangu. Mji mzima ulikuwa unaongea kitu kimoja: viwanja. Kinyozi ni dalali, dereva wa bodaboda ni dalali, muuza maji ni dalali. Miezi mitatu kabla, Mei, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile ambayo watu wote waliiita CDA, ilikuwa imevunjwa na kazi zake za ardhi kupewa manispaa. Hati zake zilikuwa za miaka 33, na sasa habari ikawa ni hati za miaka 99. Kila mtu alihisi mlango umefunguliwa na asiyeingia leo atabaki nje.

Nilikuwa na milioni kumi na moja: akiba yangu, mgao wa kikoba, na nilichopata kwa kuuza kantini na vyombo vyake. Nilipaswa kutafuta jiko. Badala yake nilinunua shamba. Heka moja, ng'ambo ya Mtumba, njia ya kwenda Kikombo, milioni tatu na nusu, na asilimia kumi ya dalali juu yake. Mwuzaji alikuwa kijana mstaarabu, shati limenyooshwa, ana nakala ya kitambulisho na mashahidi wawili. Ardhi ilikuwa kavu, nyeupe, haina jani, mbuyu mmoja pembeni. Nilijiona mjanja. Eneo tupu, hakuna mtu, hakuna mmea, hakuna mgogoro.

Asiyeijua Dodoma na asikilize hapa. Mvua ya kule ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Agosti kila shamba ni tupu. Ukienda kununua ardhi kiangazi unaonyeshwa uwanja. Hujui nani hulima pale, hujui maji ya mvua hupita wapi, hujui kama unakanyaga mbuga ambayo Februari gari litazama hadi milango. Nenda Februari. Angalia uwele ni wa nani.

Mimi nilikwenda Machi 2018, na fundi, na bikoni nne za zege za kuweka mipaka, kwenye pikapu ya kukodi. Nikamkuta bibi wa makamo ya miaka sabini anapalilia. Uwele umefika kifuani, karanga pembeni, na mlenda umeota wenyewe katikati. Alituona na zile bikoni akadhani tumepotea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbukwenyi. Mmekuja kuomba maji?"

Nilimweleza nimenunua hapa. Hakupiga kelele. Aliegemea jembe, akauliza nimenunua kwa nani, nikamtajia. Akasema, "Huyo ni mwanangu wa kwanza," akaendelea kupalilia. Fundi wangu, ambaye alikuwa Mgogo, alishusha macho akaenda kusimama karibu na gari. Hapo ndipo nilipojua, kabla ya mtu yeyote kunieleza sheria.

Sheria yenyewe nilikuja kuielewa baadaye. Baba wa ile familia alikuwa amefariki, na shamba la marehemu haliuzwi na mtoto kwa sababu tu ni mkubwa. Linauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mara nyingi kwa watu wa kawaida mahakama hiyo ni ya Mwanzo. Sikuuliza hati ya usimamizi wa mirathi. Sikuuliza ndugu wako wangapi. Niliuliza "bei ya mwisho ngapi?" Vilevile sikwenda ofisi ya ardhi kuuliza mchoro wa mipango miji unasema nini juu ya eneo lile. Mpimaji wa kunichukulia vipimo vya pembe nne na kwenda kulinganisha na mchoro alitaka laki moja. Nikaona ananiibia. Baadaye ilikuja kuonekana kwamba ukanda wa kule juu, karibu robo ya heka yangu, umechorwa barabara.

Kesi hatukwenda. Tulikaa kikao cha familia chini ya ule mbuyu, wazee watatu, mabinti wawili wa bibi, mwenyekiti, na mimi nimeambatana na mtoto wa shangazi. Kijana mwenyewe hakuja. Hela alikuwa amenunulia pikipiki, na pikipiki alikuwa ameshaiuza. Walikubaliana kunipa sehemu ya chini ya shamba, hatua ishirini na tano kwa thelathini, safari hii kwa maandishi yenye sahihi na dole gumba la kila mwenye haki, na mimi nikaachia nyingine yote. Kuna watu walinicheka Dar: umenunua heka umerudishiwa kiwanja! Sikuona namna nyingine ya kulala usingizi. Bibi yule hakuwa ameniomba chochote, wala hakuwa amenikosea.

Mwezi uliofuata, kwenye sherehe za Muungano, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Bei za viwanja zikapanda tena. Mimi nilikuwa Chang'ombe nakaanga maandazi ya kuuza mlangoni ili nisile mtaji uliobaki.

Mwishoni mwa 2018 mambo yakageuka, au ndivyo nilivyodhani. Ujenzi wa ofisi za wizara ulianza Mtumba, kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, kandokando ya barabara ya Dar. Wizara zote kwa mpigo, kila moja na mkandarasi wake, muda mfupi. Pori likajaa mafundi. Nikaenda na masufuria mawili, jiko la mkaa na mabati kumi na mawili.

Sijawahi kuuza chakula namna ile maishani. Sahani shilingi 1,500, na kwa siku ya kawaida zilitoka 130. Mafundi hawachagui: wali maharage, ugali dagaa, makande, mradi kijae na kiwahi. Na kulikuwa na siku ya kumwaga zege. Anayeijua anaijua. Siku ya zege kazi haisimami, vibarua wanaongezwa, na msimamizi anaagiza chakula kwa jumla jana yake. Siku moja ya zege niliuza sahani 260, nikarudi nyumbani saa nne usiku, nikahesabu noti zenye saruji mpaka nikapiga chafya.

Ukiondoa vyakula, mkaa, maji ya boza na vijana wangu watatu, nilibaki na elfu hamsini hadi sitini kwa siku. Kwangu hiyo ilikuwa hela ya ajabu. Februari 2019 nikachukua mkopo wa milioni tatu, marejesho elfu tisini na tano kila wiki kwa wiki arobaini. Nikajenga banda la pili lenye sakafu, nikanunua friji ya mtumba, viti vya plastiki, masufuria makubwa. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mafundi wakimaliza, ofisi zitafunguliwa; ofisi zikifunguliwa, wateja wangu wa Posta watakuja; nitakuwa nimeshajenga, nitawakaribisha kama bi harusi.

Aprili mji wa serikali ukazinduliwa. Ndani ya wiki mbili mafundi walikuwa wameondoka. Hawakuaga, na kwa nini waage? Kazi imekwisha. Kundi moja la mkandarasi mdogo liliondoka na shilingi 640,000 kwenye daftari langu. Nilipiga simu za msimamizi wao mwezi mzima, mwishowe ikawa inapokelewa na mtoto. Sahani 130 zikawa 22.

Na watumishi? Walikuja, naam. Niliwaona kwa macho wakishuka kwenye mabasi ya kazini asubuhi na kupanda saa tisa na nusu alasiri. Wengi walikunywa chai na kula ndani ya ofisi zao, na waliotoka hawakuvuka barabara kwenye jua lile kuja bandani kwangu. Ijumaa mchana ofisi nyingi zilikuwa zinaangalia saa, watu wanawahi basi la Dar, maana wake, waume na watoto bado walikuwa Tabata na Kimara.

Marejesho hayajui habari hizo. Wiki ya sita tangu mafundi waondoke nilichukua kausha damu, ule mkopo wa mtaani wenye riba ya kunyonya, ya laki tano ili kulipa mkopo wa kwanza. Nasema wazi kwa sababu najua kuna dada anasoma hii akiwa na karatasi ya kausha damu mkobani: kukopa hapa ukalipe pale ni sawa na kuchimba shimo la pili ili upate udongo wa kufukia la kwanza. Friji niliiuza nusu ya bei. Banda la pili nililing'oa mwenyewe nikauza mabati moja moja. Nilikonda. Mama yangu alipiga simu kila Jumapili kuuliza habari za Dodoma, nami nikawa namsimulia zabibu.

Katika miezi ile ya kukaa mbele ya sahani 22 ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa nimekosea. Mji unaokua una hela za aina mbili. Ya kwanza mimi naiita hela ya zege. Inakuja ghafla, ni nyingi, ina kelele, inakufanya utukane hela ndogo. Inakaa kwa muda wa mkataba wa mtu mwingine, kisha inapanda lori na kwenda Kilosa au Geita. Ya pili naiita hela ya sare. Hiyo inakuja pale familia inapohamisha mtoto shule. Mtu akishanunua sare ya shule ya Dodoma, amehama. Atanunua unga hapa, atanyoa hapa, atafiwa na kuchangia msiba hapa. Hela ya sare inapanda polepole mno, haina siku ya mia mbili na sitini. Mimi nilikopa kwa hela ya zege nikiamini ni ya sare.

Si kwamba hela ya zege ni haramu. Ifuate ukitaka, ila kwa banda la kukunjwa, bila daftari la mkopo isipokuwa kwa mkataba na mkandarasi mwenyewe, na bila kujenga sakafu. Mdogo wangu aliponiambia anataka kufungua mgahawa Tanga karibu na kambi ya bomba la mafuta, sikumkataza. Nilimwuliza swali moja: siku bomba likikamilika, nani atakula kwako? Alinuna. Ila alinunua masufuria badala ya kujenga.

Januari 2020 shule zilipofunguliwa, nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwaka 2017 lingenigharimu nauli tu. Nilichagua vituo vitatu vya daladala, Ilazo, Kisasa na Nzuguni, nikakaa siku nne kila kimoja, asubuhi na jioni, na kidaftari. Nilihesabu watoto wenye sare. Nilihesabu wanawake wanaoshuka kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni wakiwa na mikoba ya ofisi, maana hao ndio wenye swali la "leo tunapika nini". Halafu nikawa naingia mitaani naangalia kamba za kuanikia nguo.

Usicheke. Kuna mtaa mmoja nilitaka kukodi fremu, nyumba nzuri zote, geti jeusi, vigae, mpaka roho inatulia. Lakini hakuna pazia, hakuna kamba, hakuna ndoo uani. Nyumba zimejengwa, wenyewe wako Dar au wanasubiri mpangaji. Mlinzi mmoja aliniambia, "Mama, hapa jioni tunazungumza sisi walinzi tu." Fremu pale walitaka laki moja na nusu kwa mwezi, kodi ya miezi sita mbele. Nzuguni nyumba zilikuwa za hali ya kawaida, nyingine hazijapigwa plasta, lakini kamba zimejaa nguo za watoto. Fremu elfu sitini, na mwenye nyumba alikubali miezi mitatu mitatu.

Nikaanza Februari na chapati, maharage na samaki wa kukaanga jioni. Machi ikaja korona, shule zikafungwa mpaka mwisho wa Juni. Hela yangu ya sare ikayeyuka, familia nyingine zikarudi Dar au kijijini kwao. Nilikaa mlangoni nikajiambia basi, mimi na Dodoma nyota zetu haziendani.

Kilichoniokoa ni sufuria la maharage. Dada mmoja mtumishi, jirani, alikuja na bakuli akaomba nimuuzie maharage yaliyochemka tu, bila nazi, bila kitunguu, akaunge mwenyewe. Kesho yake akaja na mwenzake. Nikauliza kwa nini. Kumbe ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma kwa miaka mingi imekuwa ya visima vya Makutupora, na maji ya chini ya ardhi ya kule yana chumvi. Maharage hayataki kuiva. Mtu anayerudi saa kumi na moja jioni akiyabandika atakula saa nne usiku na gunia la mkaa limekwisha. Mimi nilikuwa nimeshapata dawa yake bila kujua: nayaloweka usiku kucha, na msimu wa mvua nakinga maji ya bati kwa ajili ya maharage pekee.

Kikombe kimoja shilingi elfu. Mwezi wa kwanza vikombe kumi na tano kwa siku, wa tatu arobaini. Shule zilipofunguliwa nikaongeza makande makavu yaliyochemshwa, na mboga ya kukatwakatwa tayari. Nilimaliza kausha damu Oktoba 2020. Ule mkopo mkubwa, baada ya kuomba kupunguziwa marejesho, ulikwisha Machi 2021. Siku hiyo nilikula chipsi kuku peke yangu, sikumwambia mtu.

Jioni moja akatokea mzee wa masijala. Alisimama upande wa pili wa barabara, akanitazama, akavuka.

"Mwanangu, ni wewe?"

"Shikamoo mzee. Ni mimi, na elfu kumi na nane yangu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa anakaa chumba kimoja mtaa wa pili, mke amebaki Dar na wajukuu. Akawa mteja wa kikombe kimoja kila jioni, Jumatatu hadi Alhamisi. Siku moja alisema, "Serikali imehama, mama yenu hajahama." Alipostaafu alirudi Dar, na wiki hiyo hiyo nikaona ujumbe wa simu: nimetumiwa shilingi 18,000.

Sensa ya 2012 iliikuta Dodoma mjini na watu 410,000 na ushee. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Ukisoma tarakimu hizo utadhani kila anayefungua duka anapata. Nimeona maduka yakifungwa mtaani kwetu kila mwaka. Nyumba za wageni ndizo hasa zinazoponza watu. Anayekuja Aprili anakuta vyumba vyote vimejaa kwa sababu Bunge la Bajeti linakaa mpaka mwisho wa Juni, anajenga kwa hesabu hiyo, na Julai anabaki na shuka. Ukitaka kujua biashara yoyote ya Dodoma, ipigie hesabu ya Julai.

Treni nayo imeleta yake. Tangu SGR, ile reli mpya ya kisasa, ifike Dodoma Julai 2024, Dar imekuwa safari ya saa chache tu, na mimi nimeipanda nikaipenda. Ila Ijumaa zangu zimekufa. Waliokuwa wanakwenda Dar mara moja kwa mwezi sasa wanakwenda kila wiki. Nimepunguza maharage ya Ijumaa hadi robo, nikahamishia nguvu Jumapili usiku na Jumatatu, maana anayerudi na treni hana kitu kwenye friji. Kuna wenzangu wanailaumu treni. Mimi niliwahi kulaumu kila kitu mwaka 2019, haikunisaidia kulipa rejesho.

Jambo ambalo sikulitarajia ni vijiji. Nilipokuja niliviona kama mahali pa kununua heka. Sasa ndiko inakokwenda zaidi ya nusu ya hela yangu. Mafuta ni ya alizeti, yanakamuliwa hukuhuku Dodoma na Singida, nanunua ndoo kwa mwenye mashine. Mboga za kiangazi hutoka Hombolo kwenye bwawa. Kuku wa kienyeji na mlenda mkavu ananiletea binti mdogo wa yule bibi, Jumatano na Jumamosi, kwenye matenga juu ya daladala. Alianza na kuku wanne, akihofia nitamkata bei kwa sababu ya yale ya shamba. Sasa anakusanya kwa majirani zake, wiki nyingine analeta ishirini. Tuna daftari moja, nakala mbili, na tunalipana siku hiyo hiyo. Kuna mwezi nilimpa hela nyingi kuliko kodi ya fremu. Kaka yake aliuza shamba mara moja akapata milioni tatu na nusu. Yeye hajauza hata hatua moja.

Wanaoniuliza kiwanja siku hizi nawajibu kwa kirefu mpaka wanachoka. Nenda na mpimaji wako, si wa dalali. Peleka vipimo ofisi ya ardhi ujue kama ni makazi, barabara au shule. Uliza kama mwenye jina yu hai. Kama hayupo, taka hati ya msimamizi wa mirathi. Kama yupo na ana mwenzi, ongea na mwenzi mwenyewe, si kupitia simu ya mumewe. Ukipewa hati ya zamani, soma miaka iliyobaki. Ukiambiwa "amua leo, kesho haipo," panda daladala urudi nyumbani. Na uweke kando hela ya maji kabla ya hela ya tofali, kwa sababu tofali halifyatuliwi kwa mate, na boza moja la kwenda njia ile ya Kikombo lilinifundisha adabu.

Kiwanja changu sijajenga. Bikoni zipo, za zege, nimezipaka rangi nyekundu. Eneo lile sasa limepimwa na barabara iliyokuwa kwenye mchoro imechongwa kweli, imepita palepale ambapo ningejenga sebule kama ningeng'ang'ania ile heka. Mpaka nitakapopata hela ya msingi, nimemwambia bibi aendelee kulima.

Mei iliyopita alikuja mwenyewe Nzuguni, mara ya kwanza, na debe la karanga kichwani, mwanawe anamfuata nyuma anamgombeza kwa kukataa kubebewa. Nilimkalisha kwenye benchi, nikampa chai. Akaangalia watu wanavyopanga foleni na mabakuli, akaniuliza kwa sauti ya chini kile wanachonunua ni nini. Nikamwambia maharage ya kuchemsha.

"Wameshindwa kuchemsha maharage?"

"Hawana muda, bibi."

Akanywa chai, akawatazama tena wale wanawake mmoja mmoja kwa huruma, kama mtu anayeangalia wagonjwa. Kisha akaniuliza kikombe ni bei gani. Nilipomwambia, akageuka kwa binti yake wakaongea Kigogo kwa kirefu, na Jumatano iliyofuata yule binti alipoleta kuku, kulikuwa na ndoo ya kunde zilizochemshwa, bado za moto, imefunikwa kwa khanga.